Mabadiliko Madogo Kumi na Manne

Shemeji yangu sijawahi kumpenda, na siku bodi ilipomleta kwenye kamati yangu nilidhani ni mzaha. Ofisi yetu inathibitisha bidhaa za ujenzi: nyaya, vioo, mbao za dari, milango ya kuzuia moto. Bidhaa isiyo na cheti chetu haiingii kwenye jengo la umma. Mwaka ule bodi ilikuwa imepitisha kanuni kwamba kila kamati ya vyeti iwe na mtu mmoja asiye mhandisi, eti tupate jicho la nje. Kamati ya saruji ilipewa mkunga mstaafu, mama mstaarabu anayesikiliza na kunywa chai yake. Mimi nikapewa mwalimu wa falsafa wa chuo kikuu, mume wa marehemu dada yangu.

Huyu bwana hajawahi kupigilia msumari ukaenda moja kwa moja. Dada alipougua, madaktari walitaka apasuliwe, naye akakaa siku tisa akiwauliza wamejuaje na wana uhakika kiasi gani. Dada alipasuliwa siku ya kumi, akafa siku ya kumi na tatu. Madaktari wenyewe waliniambia zile siku tisa hazikubadili kitu, lakini mimi bado namhesabia. Yeye naye ana yake juu yangu: kwamba muda wote huo nilikuwa viwandani nakagua mabati, na hospitalini nilifika mara mbili tu. Kwa hiyo tulipokutana mlangoni pa chumba cha mikutano alisema, "Habari za kazi, shemeji," nikajibu, "Nzuri," na tukawa tumemaliza akiba yote ya upendo tuliyokuwa nayo.

Vijana wa ofisini hawakuchelewa kumbandika jina. Walimwita Bwana Kwani, kwa sababu hakuna sentensi aliyoiacha ipite bila kuishika shati.

Siku hiyo tulikuwa na jambo moja, kuhuisha cheti cha mlango. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe na faili lake, mtu mnene, mchangamfu, anayecheka kabla hajasema. Mlango wake ulichomwa kwenye tanuri letu miaka kumi na moja iliyopita, ukahimili moto dakika sitini na tatu. Sheria inataka sitini. Tangu hapo alikuwa ameuletea mabadiliko madogo kumi na matatu, yote nikayapitisha mimi, na sasa alileta la kumi na nne, gundi mpya. Nikaieleza kamati kwa dakika tano kwamba gundi hii na ile ni mtu na ndugu yake, nikapendekeza cheti kiendelee miaka mitano mingine.

Milango ile iko mashuleni, iko mahakamani, na iko kwenye hospitali ya wagonjwa wa muda mrefu, ambako mama yangu amelala mwaka wa tatu sasa tangu apooze upande wa kulia. Kwenye hospitali ya namna ile, moto ukizuka, wasioweza kutembea hawakimbizwi kwenye ngazi. Wanafungiwa mlango wa wodi na kungoja zimamoto, na zimamoto kufika pale ni dakika thelathini na tano barabara ikiwa nyeupe. Mlango ndio kila kitu. Mimi ndiye niliyeishauri hospitali inunue ule, na nilipenda kuwaambia watu kwamba mama analala nyuma ya sahihi yangu.

Bwana Kwani akanyoosha mkono.

"Mlango wenye hiki cheti uko wapi?"

Nikamwambia uliungua, ndiyo maana ya kuchomwa. Wajumbe wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo mlango mnaoujua haupo, na iliyopo hamuijui."

Nilimtolea uvivu. Nikamwambia hata jikoni kwake, kama amewahi kuingia jikoni, mtu hamalizi sufuria nzima ili kujua chumvi. Anaonja kijiko kimoja. Akakubali vizuri tu. Akasema kijiko kinatosha mradi sufuria ni ileile, akauliza kama hii ni ileile. Nikasema ni ileile.

"Ileile na ipi?"

Hapo alinikera kweli. Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyepotea njia, kwamba kiwanda kikibadili kitu kidogo, tunalinganisha mlango mpya na toleo lililoidhinishwa mwisho. Fomu inasema hivyo, kisanduku cha tatu. Akauliza fomu iliandikwa na nani. Nikajibu kifua mbele kwamba ni mimi. Kabla ya fomu ile, ukibadili skrubu tu ulilazimika kuchoma mlango upya, na foleni ya tanuri ilikuwa miezi tisa. Viwanda viwili vilikufa kwenye foleni hiyo. Fomu yangu iliishusha miezi tisa hadi wiki mbili, na ngao niliyopewa kwa kazi hiyo inaning'inia ukutani mapokezi. Akaitazama fomu muda mrefu, kisha akaomba apewe zote kumi na nne aende nazo nyumbani. Kikao kikaahirishwa kwa wiki moja kwa ajili yake, na mwenye kiwanda akaondoka bila kucheka.

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi moja. Upande wa kushoto ameandika mlango uliochomwa, kulia mlango unaouzwa. Moyo wa mlango ulikuwa mbao ngumu, sasa ni vipande vilivyobandikwa. Bawaba zilikuwa nne nzito, sasa ni tatu nyepesi. Ule utepe unaovimba kwa joto ili kuziba mwanya ulikuwa mpana na umekaa kwenye fremu, sasa ni mwembamba na umehamia kwenye ubao. Fremu si ile, kitasa si kile, kioo si kile. Kilichobaki ni rangi ya kijivu, na hata hiyo ilikuwa ya kampuni nyingine.

"Kila mmoja amefanana na aliyemtangulia," alisema. "Mtoto kafanana na mama, mjukuu kafanana na mtoto. Sasa mmetuletea kilembwe, mnamwita kwa jina la bibi yake, na mnampa cheti cha ndoa cha bibi yake."

Mkunga angecheka, lakini mkunga alikuwa kamati ya saruji. Kwetu hakucheka mtu. Mwenye kiwanda ndiye aliyejaribu kuokoa hali, akasema haya ni maboresho, haba na haba hujaza kibaba. Bwana Kwani akamgeukia kwa upole ule wake unaochoma.

"Na bandu bandu huisha gogo," alisema.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba maneno hayazuii moto, na falsafa haina tanuri. Tuuchome mlango mmoja wa sasa, tuone. Sitajisifu kwamba nilisema hivyo kwa kupenda ukweli. Nilikuwa na uhakika mlango utasimama saa nzima, na nilitaka huyu mtu asimame nao saa nzima hiyo, jasho likimtoka, watu wakimtazama.

Alinifuata koridoni. Aliuliza mlango wa kuchomwa atauchagua nani. Kwa desturi yetu kiwanda huleta chenyewe, na sote tunajua mlango unaoletwa umetengenezwa na fundi bora kwa wiki mbili, umebembelezwa kuliko bibi harusi. Nikamwambia nitauchagua mimi. Stoo ya hospitali ilikuwa na ubao mmoja wa akiba na fremu yake, wa mzigo uleule uliofungwa wodini kwa mama. Nikimfunga mdomo nilitaka ufungike jumla.

"Wa mama ni toleo la kumi na tatu," alisema. "Nimesoma kibati kilichopigiliwa mlangoni. Nina muda wa kusoma, kila Alhamisi nakaa pale."

Nikamwambia amwache mama yangu nje ya mambo haya, mama ni wangu.

"Ni wako siku gani?" aliuliza, akaenda zake.

Tulichoma Jumatatu, saa nne asubuhi. Mlango ulijengewa kwenye ukuta wa matofali mbele ya tanuri, na gesi ikawashwa nyuma yake. Fundi wa tanuri, mtu wa maneno machache aliyechoma milango miaka ishirini, alisimama na kipande cha pamba kwenye fremu ya waya, akikipitisha polepole penye mianya. Pamba ikishika moto, mlango umekwisha, hata kama bado umesimama. Mwenye kiwanda alikaa kwenye kiti cha plastiki. Bwana Kwani alisimama pembeni na saa yake mkononi.

Dakika kumi za kwanza zilipita salama. Ya kumi na mbili kona ya juu ikaanza kuvuta kuelekea ndani. Ya kumi na sita utepe ukavimba kama ulivyotakiwa, ila mwanya ulikuwa umeshaukimbia. Moshi ukaanza kutoka mweupe, ukageuka wa kahawia. Nikasogea karibu mpaka fundi akanisukuma kwa kiwiko.

"Imeshika," alisema.

Ilikuwa dakika ya ishirini na moja. Dakika ya ishirini na sita ndimi za moto zilitokeza upande wetu na fundi akafunga gesi. Nikamtafuta Bwana Kwani kwa macho, maana nilijua atakuwa anachekelea na nilikuwa na maneno yake tayari. Hakuwa anachekelea. Alikuwa ameinamia saa yake, na midomo inatembea. Anahesabu. Ishirini na moja mpaka thelathini na tano. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Nilielewa palepale, miguu bado ikihisi joto la sakafu. Badiliko la sita lilipunguza uzito wa moyo wa mlango. La tisa lilileta bawaba nyepesi, maana mlango mwepesi hauhitaji nzito. La kumi na tatu lilipunguza utepe, maana mlango wa bawaba zile hukaa na mwanya mdogo ukiwa baridi. Kila badiliko lilikuwa halali mbele ya lililolitangulia. Hakuna hata moja lililosimamishwa mbele ya moto, kwa sababu fomu yangu haikuuliza. Mwenye kiwanda hakudanganya popote, alijaza tu nilichomwambia ajaze.

Alasiri mkurugenzi akaniita. Si mtu mbaya, ni mtu mwenye bodi juu yake. Alisema mlango mmoja ni mlango mmoja, tena Bwana Kwani mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mlango mmoja hausemi habari za mingine. Ubao ulikaa stoo miaka miwili, pengine ulinyonya unyevu. Kuna kisanduku kwenye ripoti, "sampuli haikuwakilisha bidhaa". Nikiweka alama hapo, kiwanda kinapewa miezi sita, kinarekebisha kimyakimya, na hakuna jina la mtu linalochafuka. Nisipoweka, basi tatizo si mlango. Tatizo ni fomu, na kwa fomu ile tumepitisha vyeti mia mbili na kumi na vinne.

"Na fomu ni yako," alisema.

Niliweka alama. Nilitia sahihi, nikaikunja ripoti nikaitia mkobani, nikamwambia atakuwa nayo Alhamisi asubuhi. Sikulala vizuri lakini nililala.

Jumatano nilienda hospitalini. Nilichagua Jumatano makusudi. Wodi ya mama iko ghorofa ya tatu. Chini kuna chumba kimoja cha vitanda viwili chenye mlango unaotoka moja kwa moja uani. Hata moto ukija, muuguzi mmoja anamsukuma mgonjwa nje kwa nusu dakika. Nikamwambia muuguzi mkuu kwamba mama anahitaji hewa, nikamtajia cheo changu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akasema chumba kimejaa, ila kuna mgonjwa mmoja mle ambaye pengine atakubali kubadilishana. Mgonjwa huyo akakubali. Nilifurahi jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nilimkalisha mama kwenye kiti cha magurudumu, nikamfunga mkanda, nikamwekea shuka lake mapajani. Mama anasikia vizuri, ila tangu apooze maneno yamebaki machache. Nikamwambia tunahamia chini, penye ua. Mlangoni akaletwa mwenzake wa kubadilishana naye, bibi aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, kakumbatia mfuko wa vitu vyake.

"Asante, mwanangu," aliniambia. "Kule chini naona ukuta tu. Nasikia hapa kuna dirisha."

Nikamwambia karibu. Nililitamka neno hilo kwa mdomo wangu huu.

Nyuma ya kiti chake alikuwa Bwana Kwani. Kumbe mgonjwa akihamishwa kitanda, wauguzi humpigia ndugu aliyeandikwa kwenye faili, na aliyeandikwa kwenye faili la mama yangu alikuwa yeye. Alinitazama mimi, akamtazama mama kitini, akautazama mlango. Aliuliza nimeandika nini kwenye ripoti. Nikamwambia ripoti haimhusu. Akangoja, na mimi kwa hasira nikamwambia: ni sampuli moja, ilikaa stoo, uhakika haupo.

"Huna uhakika," alisema. "Sawa. Basi mrudishe mama kitandani."

Sikusogea.

"Mtu asiye na uhakika haji na kiti cha magurudumu siku ya pili. Unajua, shemeji. Unajua kuliko mtu yeyote. Ila umeamua umjulishe mama yako peke yake."

Nilitaka kumpiga kofi. Nasema kweli, mkono ulishaanza kunyanyuka. Nilitaka kumuuliza zile siku tisa alijua nini yeye, na alimjulisha nani. Lakini bibi alikuwa ameshaingia na kiti chake mpaka katikati ya chumba, anatafuta dirisha, na muuguzi alikuwa anavuta shuka la kitanda cha mama ili alitandike jipya. Watu kumi na wawili walikuwa wamelala mle ndani. Nilikuwa nimewahesabu mara nyingi kwenye michoro, kwa ajili ya kukokotoa upana wa mlango.

Nikatoa ripoti mkobani, nikaichana. Nikachukua karatasi nyuma ya faili la mama, nikaandika nikiwa nimeegemea meza ya dawa. Niliandika kwamba cheti cha mlango kinafutwa leo. Kwamba vyeti vyote mia mbili na kumi na vinne visimamishwe, mpaka kila bidhaa iliyoko sokoni ilinganishwe na ile iliyochomwa, siyo na ndugu yake wa karibu. Kwamba kila wodi yenye milango ile iwekewe mtu wa kukesha na kengele mpaka milango mipya ifike. Kwamba kiwanda hakina hatia ya kudanganya. Kosa liko kwenye fomu, kisanduku cha tatu, na aliyekiandika ni mimi. Mwandiko ulikuwa mbaya.

Bwana Kwani aliisoma yote, mbele na nyuma.

"Hukuweka tarehe," alisema.

Nikaweka tarehe. Sikumshukuru, naye hakunipa pole. Nikaipiga picha, nikamtumia mkurugenzi, mkuu wa hospitali na bodi. Simu ikaanza kuita kabla sijairudisha mfukoni, nikaiacha iite.

Bibi nilimwambia mwenyewe. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake nikamweleza kwamba mlango wa chumba hiki ni mbovu, moto ukija hautamkinga, arudi kwake kule chini. Hakukasirika. Akazungusha macho kwenye vitanda.

"Na hawa?" aliuliza.

Muuguzi akakigeuza kiti chake, akamrudisha bibi kwenye lifti na mfuko wake mapajani.

Tukabaki na mama kitini, shuka juu ya magoti, mkono wake mzima umeshika mkono wa kiti. Alikuwa amekaa tayari kwa safari.

"Chini?" aliuliza.

"Si leo, mama," nikamwambia.

Shemeji akamshika mabegani, mimi miguuni, tukamrudisha kitandani bila kutazamana. Nikamfunika. Kisha nikaenda nikaufunga mlango, nikausukuma kwa bega mpaka kitasa kikalia, kwa sababu dakika ishirini na moja ndizo pekee nilizokuwa nazo za kumpa.